Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: Kabla nyumba haijauzwa, aulizwe anayekaa ndani

Mheshimiwa Waziri wa Ardhi na Maendeleo ya Makaazi, Zanzibar,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kutoka Chake Chake, ambako nimenunua nyumba yenye kipande cha shamba nyuma yake. Nilifuata njia zote: mkataba mbele ya wakili, sheha (kiongozi wa Serikali mtaani) akiwepo, kisha maombi ya uhaulishaji, yaani kuhamishiwa haki ya ardhi, kama inavyotaka Sheria ya Uhaulishaji wa Ardhi ya 1994. Karatasi zilikaguliwa moja baada ya moja. Lakini ndani ya nyumba anaishi mzee mmoja na mkewe na wajukuu zao, na hakuna aliyekwenda kuwauliza chochote.

Mzee huyu aliwekwa pale na marehemu baba wa muuzaji ili aangalie shamba. Hawakuandikiana. Halipi kodi, basi si mpangaji. Hakuingia kwa nguvu, basi si mvamizi. Amejenga jiko la uani, amepanda minazi na mikarafuu. Nawe unajua, Mheshimiwa, kwetu Pemba mwenye ardhi na mwenye mti huweza kuwa watu wawili. Hata akikubali kuhama kesho, mikarafuu ile itakuwa ya nani? Mkataba wangu unasema nimenunua na vyote vilivyomo, na yeye ndiye aliyevipanda.

Muuzaji aliniahidi kwamba nyumba itakuwa wazi nikishamaliza kulipa. Nilipomaliza, akaacha kupokea simu.

Wapo wanaonishauri ning'oe mabati, nikate maji, nilete vijana wavitoe vitu nje. Sitofanya hivyo. Ni dhulma kwa watu ambao hawakunikosea, na kuwa na hati mkononi hakunipi ruhusa ya kumtoa mtu kwa mabavu. Njia iliyopo ni Mahkama ya Ardhi, na huko nitalazimika kumshitaki mzee wa watu, asiyejua hata bei niliyolipa. Atasema aliwekwa na mwenye mali, na atakuwa anasema kweli. Mimi nitasema nimenunua, na kweli nimenunua. Nikishinda, bado kuna amri ya kutekelezwa, miti ya kukadiriwa fidia, na familia ya kutafutiwa pa kwenda. Aliyechukua fedha atakuwa yuko kwake ametulia.

Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inasema ardhi ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais wa Zanzibar. Tunachouziana sisi ni haki ya kuitumia. Ndiyo maana mauzo hayatimii bila ya idhini ya Serikali. Basi idhini hiyo na ifike mpaka mlangoni.

Naomba, Mheshimiwa, uagize kwamba kabla ya uhaulishaji kupitishwa, ofisa aende na sheha mpaka kwenye nyumba au shamba lenyewe. Waandike nani anakaa, kwa ruhusa ya nani, tangu lini, na miti ni ya nani. Mkaazi asikilizwe na atie saini au dole gumba. Akiwa na haki yake, ilipwe kutoka kwenye bei, kabla muuzaji hajapokea fedha zote. Mnunuzi akitaka kununua na mtu akiwa ndani, aandike kwamba anajua.

Kwangu mimi jambo limeshapita. Ila mashamba mengi hapa yana watu waliowekwa kwa maneno ya mdomo, na waliowaweka wanazidi kufariki. Warithi wao ndio wanaouza sasa.

Wako mtiifu,
Mnunuzi, Chake Chake, Pemba