Mgongo wa gitaa: msituuzie jina la mti

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Wauza magitaa wa hapa mjini wamezidi, ukiulizia gitaa kavu tu, lile lisilotumia umeme, unaambiwa hili mgongo roziwudi, lile mahogani, na bei inapaa kwa jina la mti, kumbe ni plaiwudi imebandikwa utando mwembamba wa mti mzuri kwa juu. Kuijua wala sio kazi, tafuta kifundo au mstari wowote kwenye mgongo kwa nje, halafu mulika ndani ya tundu na simu uone kama nao upo palepale, usipouona ujue ushapigwa.

Ila plaiwudi yenyewe sio tusi jamani. Guild, kampuni ya magitaa ya Marekani, wametengeneza magitaa ya mgongo wa plaiwudi iliyobinywa kwenye kalibu mpaka ikabinuka, ndani hakuna hata kijiti kimoja cha kukazia maana ule mbinuko unajibeba wenyewe, na yanalia kwelikweli. Tena kwa unyevu wa Dar plaiwudi haipasuki ovyo kama mbao nzima.

Mgongo bapa wa mbao nzima ndo unataka vijiti, na hapo ndo ufundi ulipo. Ukiachwa mwembamba unatetemeka pamoja na uso, yaani ubao wa mbele wenye tundu, ukiwa mnene na mgumu wenyewe hautetemeki sana, unasukumia sauti mbele tu. Piga uzi mnene kabisa gitaa likiwa limebana tumboni, kisha liachanishe na tumbo kidogo, utasikia tofauti.

Sasa jina la mti? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walitoa matokeo ya magitaa sita yaliyofanana isipokuwa mti wa mgongo na mbavu (mbao za pembeni), wapigaji 52 wakayajaribu kwenye mwanga hafifu wamevaa miwani ya kuchomelea wasione kitu, na sauti waliipa maksi karibu sawa, la bei mbaya na la bei rahisi. Na Torres, fundi magitaa wa Hispania, mwaka 1862 alishatengeneza gitaa la mgongo na mbavu za karatasi na gundi, akitaka kuonyesha kwamba uso ndo wenye kazi.

Hata mpingo wetu, mzuri mno kwa macho na mimi naupenda, lakini mtu asinidai hela ya ziada eti kwa sababu ya sauti ya mpingo. Wenye maduka waandike kwenye lebo mgongo ni mbao nzima au plaiwudi, bapa au umebinuka, tujue tunalipia nini.

Mpiga gitaa,
Ilala, Dar es Salaam