Kuishiwa si umaskini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu hadithi ambayo matajiri hawachoki kuisimulia: jinsi walivyosota walipokuwa wanafunzi. Mhoji tajiri kuhusu mali yake, atakupa dakika mbili. Muulize maisha ya chuo, hapo atakaa kitako.

Mfano wangu ni Mitt Romney, aliyegombea urais wa Marekani mwaka 2012. Kwenye mkutano mkuu wa chama cha Republican mwaka huo, mkewe Ann aliwasimulia watu walivyoanza ndoa wakiwa bado wanasoma: makazi ya chini ya ardhi, meza ya kusomea ni mlango uliolazwa juu ya vihimili vya mbao, meza ya chakula ni ubao wa kupigia pasi, na mlo ni tambi na jodari siku nenda siku rudi. Yote hayo nayaamini. Lakini mwaka 1994 mama huyohuyo alikuwa ameliambia gazeti la Boston Globe kwamba hakuna kati yao aliyekuwa na kazi, kwa sababu mumewe alikuwa na hisa na wakawa wanaziuza kidogo kidogo. Hisa hizo zilitoka kwa baba mtu, George Romney, aliyeongoza kampuni ya magari ya American Motors kisha akawa gavana wa Michigan. Mlango ulikuwepo kweli, na hisa zilikuwepo kweli. Jukwaani ulipanda mlango peke yake.

Nami ninayo yangu. Mwaka wa kwanza nililala chumba kimoja na kijana wa watu wenye nazo. Mwisho wa mwezi sote mifuko ilikuwa mitupu, na mgeni angechungulia chumbani asingejua nani ni nani. Tofauti ilijitokeza siku majina yetu yalipobandikwa ubaoni kwamba tunadaiwa ada na hatutaingia kwenye mtihani. Mwenzangu alipiga simu, akanung'unika kwamba baba atamfokea, akalala. Mimi nilisimama masomo mwaka mzima. Sikuwa na wa kumpigia. Wa nyumbani walikuwa wakinisubiri mimi niwapigie wao. Leo akisimulia, husema "tulisota". Hadanganyi, na hilo ndilo linaloniudhi.

Kuna watu huenda mbali zaidi. Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Sam Friedman wa London School of Economics walichapisha utafiti wa mahojiano na watu 175 nchini Uingereza wenye kazi za hadhi, wakiwemo waigizaji, wahasibu na wasanifu majengo. Watu 36 walijitambulisha kuwa wametoka tabaka la wafanyakazi au kuwa wamepanda kutoka chini kabisa, ilhali walikuwa wamelelewa katika familia za tabaka la kati. Katika kujieleza, walimruka baba na mama wakakimbilia kwa babu! Kwa kipimo hicho hakuna asiye maskini, mradi urudi nyuma vizazi vya kutosha.

Najua wapo matajiri wabahili wanaowakazia watoto wao, na wapo waliotoka kwenye dhiki halisi wakatajirika. Hao wa pili, kwa niliowahi kuwasikia, hawana bashasha wakiisimulia.

Ningecheka tu yakaisha, kama hadithi hizi zisingekuwa na kazi. Lakini kila mjadala wa ada na mikopo ya wanafunzi ukiibuka, hakosi mzee mmoja wa kusema, "Sisi tulisota na tukafika." Kilichomfikisha si msoto.

Basi ombi langu kwa waandishi wako, Mhariri. Mkimpata mkubwa akaanza kuhesabu siku alizolala njaa chuoni, msimkatize. Akimaliza, muulizeni nani alimlipia ada, na kama ingekosekana angempigia nani. Jibu lake mlichape pamoja na hiyo njaa.

Wako,
Msomaji aliyehitimu mwaka mmoja nyuma ya wenzake