Tuleteeni kompyuta mpakato zinazofunguka

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu. Nina kompyuta mpakato ya mwaka 2011, nene kama tofali. Betri ilipochoka, nilisukuma vibanio viwili kwa chini ikatoka, nikapachika nyingine. Memori niliongeza mwenyewe mezani, kwa bisibisi moja.

Mwezi uliopita nikanunua mpya. Nyembamba, inang'aa, ukiiona dukani utaipenda. Nikampelekea fundi wangu Kariakoo aniongezee memori. Akaifungua, akachungulia, akacheka: "Mwalimu, hii imechomelewa humohumo kwenye bodi. Ungenunua yenye memori kubwa tangu mwanzo." Betri nayo imegundishwa. Tundu la projekta hakuna, la waya wa intaneti hakuna, basi natembea na adapta mfukoni. Siku nikiisahau (na huwa naisahau) narudi kwenye chaki.

Watengenezaji wasituambie haiwezekani. Mwaka 2021 Apple walirudisha tundu la HDMI (lile la kuunganishia projekta) na la kadi ya kumbukumbu kwenye MacBook Pro, baada ya kuyaondoa mwaka 2016. Mwaka huohuo kampuni ya Framework ilitoa mashine ambayo mwenyewe unabadilisha betri, memori, hata kibodi. Kuchaji kwa USB-C, hapo nawapongeza, maana chaja moja inazunguka nyumba nzima. Ila matoleo yajayo yaongezwe unene milimita mbili tatu, watuachie na skrubu za kawaida. Uzito tutaubeba.

Mwalimu wa sekondari,
Dar es Salaam