Aliyefunikwa na hundi pale nyuma ni mimi

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, hata ile siku mliyoweka picha ya Kigamboni mkaandika Kunduchi nilinyamaza nikasema binadamu hukosea. Ila hii ya wiki mbili zilizopita imenishinda. Mnaikumbuka, ile yenye picha ya watu wamevaa fulana za rangi ya chungwa pale Coco Beach wameshika mfano wa hundi, chini mkaandika wafanyakazi wafurahia bonanza huku wakiwakumbuka wenye uhitaji. Sasa angalieni nyuma kulia. Kuna mtu haonekani sura, hundi imemfunika kuanzia nywele mpaka kidevu, kimebaki kiwiko. Kile kiwiko ni changu na wala hakikuwa kinafurahia.

Msije mkasema huyu mama hapendi kutoka. Napenda mno. Mwaka 2014 tulikuwa watu kumi na mmoja wa masjala na uhasibu, tukachangishana wenyewe elfu ishirini ishirini, tukaenda Kunduchi tukapanda boti mpaka Mbudya, tukala samaki wa kuchoma na chipsi, na mzee mmoja wa uhasibu ambaye ofisini salamu tu anaitoa kwa shida alicheza kwenye maji kama mtoto wa darasa la pili mpaka miwani yake ikaenda na bahari, tukarudi tunamshika mkono. Hakukuwa na MC wala bango, na mpaka leo tukikutana msibani tunaicheka ile miwani. Na Jumapili kama sina mgonjwa wala harusi nakimbia na joging yetu huku Mbagala, tunaimba njia nzima mpaka wenye usingizi wanatutukana dirishani, mwenzetu akilazwa tunachanga tunabeba matunda tunaenda, akifiwa tupo. Hizo hela nazitoa kwa mkono wangu na sijawahi kuziuliza zimeenda wapi kwa sababu naziona zinapoenda.

Sasa ya ofisini. Meseji iliingia kwenye grupu saa nne usiku: ndugu wafanyakazi, kila mmoja atachangia shilingi 30,000 kwa ajili ya kituo cha watoto, itakatwa kwenye mshahara wa mwezi huu, asanteni kwa moyo wenu wa kujitolea. Kujitolea! Nikajiuliza hivi mtu akikutoa hela mfukoni umelala halafu akakushukuru kwa ukarimu inaitwaje. Watu wakajaza vidole gumba na mikono ya kuomba, na mimi nikaweka kidole changu, sikatai, woga ni woga.

Alafu likaja shindano la hatua, wiki nne, unaweka programu kwenye simu inahesabu unavyotembea, lengo hatua 10,000 kwa siku, ofisi ikaahidi kuongeza hela kwenye mchango kadiri hatua zinavyopanda, mshindi anachukua TV ya inchi 43. (Hiyo elfu kumi yenyewe binti yangu aliniambia si daktari aliyeisema, ilitoka Ujapani mwaka 1965 kwenye jina la kifaa cha kuhesabia hatua, yani tangazo la biashara, lakini tuache hilo.) Mimi ni wa kuamka saa kumi, natembea mpaka stendi ya Rangi Tatu, nashuka Kariakoo namalizia kwa mguu mpaka ofisini, na lifti ya jengo haifiki masjala kwetu, majalada yako chini na wanaoyataka wako juu. Wiki ya kwanza nikawa wa tatu bila hata kujaribu. Nikaanza kuipigia hesabu ile TV niiweke wapi.

Wiki ya pili kijana mmoja wa masoko, ambaye akitoka kitandani ni gari, akitoka kwenye gari ni lifti, akitoka kwenye lifti ni kiti chenye magurudumu, akaanza kuleta hatua 30,000, 34,000, siku moja 38,000. Watu wanampongeza, jembe, mnyama, moto sana. Mimi nikasema labda kaamua kubadilisha maisha. Alhamisi jioni niko Mnazi Mmoja nasubiri jua lipoe, akapita muuza kahawa, nikamsimamisha, akatua birika na jiko lake akanimiminia, wakati anatafuta chenji akatoa mfukoni simu kubwa yenye kava la Yanga lililopasuka kona. Lile kava nalijua, linalala kwenye meza ya vikao kila Jumatatu. Nikamuuliza baba hii simu nzuri umeipata wapi, akajibu bila wasiwasi wowote, "Mama hii ya braza wa hapo ghorofani, ananipa buku tano kila siku nizunguke nayo, jioni anaipitia, kaniambia ni mambo ya kazi." Kaniambia ni mambo ya kazi! Mzee wa watu anazunguka Kariakoo, Kisutu, Posta, anarudi Mnazi Mmoja, moto mkononi, vikombe vinalia, na hajui kwamba yeye ndo anaongoza shindano la ofisi ambayo walinzi wake wakimuona getini wanamfukuza. Kahawa nilimaliza ila utamu wa kashata sikuuona.

Kesho yake nikapeleka kwa dada wa HR, kwa adabu kabisa, mlango umefungwa. Akacheka akaniambia, "Dada yangu usituharibie, hatua ni hatua, si zinaenda kwa watoto?" Nikatoka. Kwa hesabu hiyo basi mfadhili mkubwa kuliko wote pale kwetu ni muuza kahawa, na kwenye habari yenu hayumo.

Siku ya bonanza likafanyika lote, kuvuta kamba, kukimbia na magunia, kufukuza kuku, na sitawadanganya kwenye kuku nilicheka. Kijana akaitwa jukwaani akakabidhiwa TV, akasema siri ni nidhamu. Ikaja hundi. Sisi tuko 140, kila mtu 30,000, inakuwa 4,200,000, nimefanya na kalamu. Hundi imeandikwa milioni mbili, na zile za kuongeza kwa hatua hata kutajwa hazikutajwa. Zingine zimeenda fulana, jukwaa, spika, MC anayetuita "familia" kila baada ya sentensi? Pengine ndiyo, na kama ni hivyo tuambiwe tumejichangia sherehe, mbona tungekubali. Mwandishi wenu nilimwona, alikaa meza ya pili kutoka yetu, alikula pilau sahani mbili. Pilau simlaumu, ilikuwa nzuri, namlaumu hakuuliza swali hata moja. Na sisemi mbio za hisani zote ziko hivi, zipo zilizolipia watoto upasuaji kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na akina mama wenye fistula hospitali ya CCBRT, kila mtu aliyekimbia anajua jasho lake limeishia wapi.

Na nikiwa hapohapo kwenye kutembea, hivi Dar es Salaam tunahimizwa tutembee, tutembee wapi? Desemba 2016 mama Samia akiwa Makamu wa Rais alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi, vizuri, lakini njia ya mwenda kwa miguu ina genge la nyanya, ikiisha nyanya kuna gari limepaki, ukilizunguka bodaboda inakupigia honi kwa nyuma kana kwamba wewe ndo umeingia barabarani kwake, na mtaro ambao mfuniko wake umeondoka kwenda kuuzwa chuma chakavu. Mimi kifundo cha mguu kilishavimba mwezi mzima kwa mtaro. Hiyo hakuna programu inayohesabu.

Ushauri wangu ni huu. Ile TV apelekewe mzee wa kahawa, kila jioni yuko Mnazi Mmoja, mwandishi wenu aende ampige picha, safari hii kahawa anunue mwenyewe. Shindano lijalo lianzie Rangi Tatu saa kumi na nusu alfajiri, simu zote zifungwe shingoni kwa kamba, na wakuu wa idara wabebe birika lenye moto mpaka Posta kwa zamu. Hesabu za mchango zibandikwe pale kwenye meza ya chai, pembeni ya karatasi ya wanaodaiwa maandazi, maana ile huwa haikosewi hata shilingi mia.

Na fulana nimeirudisha. Niliandika XL nikapewa M, nimeifungulia jalada masjala, namba ipo, anayeitaka aje asaini.

Ni mimi, karani wa masjala,
Mbagala, Dar es Salaam