Kufungiwa leseni si sawa na kutokuwa na leseni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo hunikwaza kila nisomapo habari za mahakamani. Dereva akipandishwa kizimbani kwa shitaka la kuendesha gari ilhali leseni yake imesimamishwa, gazeti huandika kwamba alikamatwa "akiendesha bila leseni", na aya inayofuata humalizia kwa kusema kwamba alikiri kosa na akahukumiwa. Nimefanya kazi ya ukarani katika masjala ya mahakama kwa miaka mingi, na niliyoyaona huko yananiruhusu kusema kwamba wengi wa wanaokiri hivyo huwa wanakiri jambo moja tu, kwamba siku hiyo walikuwa wameshika usukani. Shitaka lenyewe lina mambo mengine ambayo upande wa mashtaka unatakiwa kuyathibitisha, na humo ndimo utetezi unamokaa.

Asiye na leseni ni mtu ambaye hajawahi kupewa. Mwenye leseni iliyoisha muda alipewa, akachelewa kuihuisha. Aliyefutiwa leseni amerudishwa mwanzo kabisa na huenda akalazimika kufanya mtihani upya. Aliyesimamishiwa leseni, au aliyefungiwa kama madereva wenyewe wanavyosema, anayo leseni ambayo nguvu yake imeondolewa kwa muda au mpaka atimize sharti fulani. Kila hali ina kifungu chake cha sheria na adhabu yake, na mara nyingi hili la mwisho huadhibiwa kwa ukali zaidi kuliko la leseni iliyoisha muda, kwa sababu ndani yake mna harufu ya kudharau amri. Hati ya mashtaka ikikosea kifungu, wakili makini huanzia hapo hapo.

Katika kosa la kuendesha huku leseni imesimamishwa, mashtaka yanapaswa kuonyesha kwamba mshtakiwa ndiye aliyekuwa anaendesha, kwamba alikuwa barabarani au mahali ambapo sheria inahusika, na kwamba siku ile, saa ile, amri ya kusimamisha leseni ilikuwa hai. Katika nchi nyingine huongezwa la nne, kwamba alikuwa anajua. Mambo mawili ya kwanza huchukua muda mfupi mahakamani, ingawa kuna maeneo ambako kuendesha ndani ya uwanja binafsi uliofungwa hakuhesabiwi kuwa kosa.

Kuhusu mtu mwenyewe, kesi moja ya Uingereza inayojulikana kwa jina la Heaviside, ya mwaka 1996, ilisisitiza kwamba haitoshi kuleta kumbukumbu ya mahakama yenye jina linalofanana na la mshtakiwa. Lazima ithibitishwe kwamba aliyezuiwa kuendesha na aliyesimama kizimbani ni mtu mmoja. Njia zilizotajwa ni kukiri kwake mwenyewe, alama za vidole, au ushahidi wa mtu aliyekuwepo mahakamani siku amri ilipotolewa. Hukumu za baadaye zimelegeza kidogo, zikasema kwamba njia hizo si za mwisho na kwamba jina lisilo la kawaida likiambatana na maelezo mengine linaweza kutosha kumfanya mshtakiwa awe na kesi ya kujibu. Hata hivyo msingi umebaki palepale. Mtu anayekiri siku ya kwanza, kabla hata hajaoneshwa karatasi, anaibeba kazi ambayo sheria imempa mwingine.

Suala lenye uzito kuliko yote ni la kujua, na hapa nchi zinatofautiana sana. Sheria ya jimbo la New York inamtia hatiani mtu aliyeendesha akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba leseni yake imesimamishwa. Florida hutenganisha waziwazi: aliyeendesha bila kujua hutozwa kama mvunjaji wa kanuni za barabarani, na aliyeendesha akijua huwa ametenda kosa la jinai ambalo, hata kwa mara ya kwanza, laweza kumpeleka jela hadi siku 60. Uingereza imeshika njia nyingine, kwani huko kuendesha wakati umezuiwa na mahakama ni kosa lisilohitaji uthibitisho wa nia, na kusema "sikujua" hakuufungui mlango wa kuachiwa. Binafsi naona ukali huo una mantiki pale amri inapotolewa na hakimu mbele ya dereva mwenyewe. Hauna mantiki kama hiyo pale ambapo leseni imesimamishwa na ofisi kwa barua, na dereva hajawahi kuiona barua hiyo.

Barua hizo ndizo chanzo cha kesi nyingi nilizopitisha mezani kwangu. Taarifa hutumwa kwenye anwani iliyo katika kumbukumbu za ofisi ya leseni, dereva amehama, na mara ya kwanza anayoisikia habari hiyo ni kutoka kwa askari aliyemsimamisha. Mshtakiwa wa namna hii ana hoja ya kweli, lakini inaweza kumgeukia, kwa sababu sheria nyingi humtaka mwenye leseni aarifu anapobadilisha anwani, na baadhi yake zinachukulia kwamba barua ikishatumwa ipasavyo imempata. Kinachosaidia ni karatasi: mkataba wa pango wenye tarehe, bahasha iliyorudishwa kwa mtumaji, rekodi inayoonyesha kwamba alishatoa taarifa ya kuhama. Maneno matupu ya kwamba barua haikufika, hakimu ameyasikia kutoka kwa watu wengi mno.

Hapa inafaa kukumbuka hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1971 katika kesi ya Bell dhidi ya Burson. Mhubiri mmoja wa jimbo la Georgia, ambaye kazi yake ilimlazimu kusafiri kwa gari kwenda kuhudumia jamii za vijijini, alisimamishiwa leseni baada ya ajali kwa kuwa hakuwa na bima, bila kupewa nafasi ya kusikilizwa kama alikuwa na kosa katika ajali ile. Mahakama ilisema leseni ikishatolewa inaweza kuwa nguzo ya riziki ya mtu, kwa hiyo dola haiwezi kuiondoa bila utaratibu wa haki. Nawaonya tu wanaotaka kuikimbilia hoja hiyo kwamba mara nyingi haipokelewi ndani ya kesi ya kuendesha. Amri ya kusimamisha leseni hupingwa kule ilikotoka, na hadi itenguliwe ni amri, hata kama ilitolewa kimakosa.

Vilevile kuna dhana inayowaponza wengi, kwamba muda ukiisha leseni hujifufua yenyewe. Katika majimbo mengi ya Marekani haifufuki mpaka ada ya kurejeshewa ilipwe na masharti yatimizwe, na Uingereza aliyezuiwa kwa siku 56 au zaidi lazima aombe leseni mpya. Mtu aliyehesabu miezi yake kwa uaminifu, kisha akaingia barabarani kesho yake, anaweza kujikuta na shitaka bila kuwa na ubishi wowote moyoni. Huyu kwa kawaida hana utetezi wa kumwondoa hatiani, ila ana maelezo mazito ya kuomba kupunguziwa adhabu.

Utetezi wa dharura upo, nao ni mwembamba. Katika kesi ya Martin ya mwaka 1989, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilishughulikia habari ya mume aliyeendesha huku amezuiwa kwa sababu mkewe, ambaye aliwahi kuonyesha mwelekeo wa kutaka kujiua, alitishia kufanya hivyo asipompeleka mwanawe wa kambo kazini. Kijana alikuwa amepitiwa na usingizi na alihofiwa kupoteza kazi. Mahakama ilitengua hatia yake, ikisema baraza la wazee wa mahakama lilipaswa kuachiwa liamue kama aliendesha kwa hofu ya kweli na yenye msingi ya kifo au madhara makubwa, na kama mtu mwenye busara ya kawaida angefanya vivyo hivyo. Kuchelewa kazini peke yake kusingemsaidia. Kadhalika "nilikuwa naenda hapo karibu tu", sentensi niliyoiandika katika mienendo ya kesi hata mkono ukaizoea, si utetezi popote ninapopafahamu.

Sijasahau namna gari lilivyosimamishwa. Nchini Marekani, tangu kesi ya Delaware dhidi ya Prouse ya mwaka 1979, askari hawezi kumsimamisha dereva yeyote kiholela, bila kuwa na shaka yenye msingi, ili tu akague leseni. Mwaka 2020, katika kesi ya Kansas dhidi ya Glover, Mahakama ya Juu iliamua kwamba askari aliyeangalia namba za gari na kukuta leseni ya mmiliki wake imefutwa anaweza kudhania kwamba mmiliki ndiye anayeendesha, akalisimamisha. Uamuzi huohuo ulitoa mfano wa mpaka wake: kama anajua mmiliki ana miaka ya sitini na kitu na anamwona kwenye usukani binti wa miaka ya ishirini na kitu, shaka hiyo hukosa msingi. Katika nchi ambako ukaguzi wa barabarani unaruhusiwa bila sababu, hoja hii haina pa kusimama.

Nitaambiwa kwamba nawafundisha wakorofi kukwepa mkono wa sheria. Wapo waliofungiwa kwa ulevi na mwendo kasi, na hao sina machozi ya kuwalilia. Wapo pia waliofungiwa kwa kushindwa kulipa faini, sababu isiyosema chochote kuhusu uwezo wao wa kuendesha; jimbo la California liliacha kusimamisha leseni kwa sababu hiyo mwaka 2017. Katika taarifa ya mistari mitatu wote huonekana mtu mmoja, na msomaji anayekumbwa na shitaka kama hilo hujifunza kutoka gazetini kwamba la kufanya ni kuinamisha kichwa na kukiri, wakati hatua ya kwanza ingekuwa kuomba muda, kupata nakala ya kumbukumbu zake za leseni, na kumwona wakili akiwa nazo mkononi. Kumbukumbu zikionyesha kwamba kilichobaki ni deni au fomu, alimalize kabla ya tarehe ya kesi, kwa sababu waendesha mashtaka wa sehemu nyingi huwa tayari kupunguza shitaka kwa aliyekwisha rejeshewa leseni.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi langu kwa waandishi wenu wa mahakamani ni kwamba wanukuu kifungu kilichomo katika hati ya mashtaka, na waseme kama leseni ilikuwa haipo, imeisha muda, imesimamishwa au imefutwa, na ni nani aliyetoa amri hiyo.

Wako katika usomaji,

Karani mstaafu wa mahakama