Ushuru pekee hautaviokoa viwanda vya magari vya Ulaya

Ndugu Mhariri,

Kila yanapozungumzwa matatizo ya viwanda vya magari vya Ulaya, lawama huangukia bei nafuu ya magari ya umeme kutoka China, na dawa inayotajwa ni ushuru. Dawa hiyo imeshatumika: Oktoba 2024 Umoja wa Ulaya uliongeza ushuru wa hadi asilimia 35.3 juu ya ule wa kawaida wa asilimia 10, na Disemba ya mwaka huohuo Volkswagen ikaafikiana na chama cha wafanyakazi kupunguza ajira zaidi ya 35,000 nchini Ujerumani ifikapo 2030. Naona tatizo liko kwenye malighafi na, zaidi ya hapo, kwenye ujuzi wa wafanyakazi.

Northvolt ya Sweden, iliyotarajiwa kuipatia Ulaya betri zake yenyewe, haikukosa fedha mwanzoni. Ilichoshindwa ni kuzalisha betri zenye ubora kwa wakati, hata BMW ikafuta oda ya euro bilioni 2 mwaka 2024, na Machi 2025 kampuni ikafilisika. Mitambo hununuliwa, lakini mtu wa kuiendesha huchukua miaka kumfunza.

Sisi tunaofundisha ufundi huku Unguja tunalifahamu jambo hili kwa kiasi chetu. Fundi wa Mwanakwerekwe anayeshusha injini na kuirudisha pasi na kutazama kitabu, mbele ya gari la umeme hakuti plagi za injini, ekzosi wala klachi. Anakuta betri ya volti 400, ambayo si ya kuguswa kwa mazoea ya betri ya volti 12. Mfanyakazi wa Ujerumani aliyezoea kuchonga gia naye anahitaji mafunzo mapya, tena kabla hajapunguzwa.

Kuhusu malighafi, sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2024 inataka ifikapo 2030 nchi moja ya nje isitegemewe kwa zaidi ya asilimia 65 ya kila madini ya kimkakati. Kinywe (grafiti), madini yanayotumika kutengenezea betri za magari hayo, kipo Mahenge, Tanzania bara, lakini kikichimbwa hapa na kusafishwa China, utegemezi utabaki palepale. Ulaya ingenufaika zaidi kugharamia usafishaji nchini Tanzania, pamoja na mafunzo ya vijana watakaoufanya, wakiwemo wa vyuo vyetu vya amali.

Mwalimu wa ufundi wa magari,
Unguja