Mwanangu, kabla hujatuma pesa za shamba

Mwanangu mpendwa,

Nasikia wewe na mwenye shamba mmeshaafikiana bei, na dalali anakuhimiza utume chochote leo kwa M-Pesa ili shamba lisichukuliwe. Usitume bado. Haraka hiyo ni ya dalali, si yako.

Kwa sheria ya Kenya, ardhi haiuzwi kwa mdomo. Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba, kama kilivyo tangu Juni 2003, kinataka mkataba uwe wa maandishi, wahusika wote watie sahihi, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwepo ilipotiwa. Kikikosekana kimoja, mahakama haisikilizi dai linaloegemea mkataba huo. Kwa hiyo kupeana mikono, au ujumbe wa WhatsApp wa "sawa, tumekubaliana", hakumfungi muuzaji wala wewe. Akimuuzia mwingine kesho, utabaki kudai pesa zako tu. Kweli, mahakama huweza kumwokoa mnunuzi aliyekwisha lipa na kuingia shambani, ila hizo ni kesi za miaka. Mnada wa hadhara tu ndio una njia yake: nyundo ikigonga, umenunua.

Watu wengi huharibikiwa kwenye ukurasa wa sahihi. Muuzaji anatia sahihi kwake nyumbani, karatasi inapelekwa mjini, halafu shahidi anaandika jina lake siku mbili baadaye bila kumwona. Ushahidi huo haufai kitu. Ketini pamoja kwa wakili, na chini ya kila sahihi liwepo jina la shahidi, namba yake ya kitambulisho na tarehe. Hati ya shamba ikiwa na majina mawili, wote wawili watie sahihi. Kama shamba ni mali ya ndoa, mke wa muuzaji naye akubali kwa maandishi.

Jihadhari pia na barua ya ofa. Watu huiona karatasi ya mazungumzo tu, lakini ikiwa imetaja pande zote, namba ya shamba, bei na jinsi ya kulipa, kisha ikatiwa sahihi na kushuhudiwa, inaweza kuwa ndiyo mkataba wenyewe. Ukitaka ibaki mazungumzo, mwambie wakili aandike waziwazi: "Barua hii haimfungi yeyote hadi mkataba wa mauziano utiwe sahihi na pande zote."

Na hata mkishaandikiana, shamba la kilimo lina mlango mwingine: idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu siku ya mkataba. Muda ukipita bila ombi, na mahakama isiuongeze, mkataba unakuwa batili, hata kama umelipa bei yote. Hapo, kwa kawaida, unachoweza kudai ni pesa zako kama deni. Msimwachie muuzaji kazi hiyo. Wakili wako ajaze fomu na afuatilie tarehe ya kikao cha Bodi.

Malipo ya kwanza kwa kawaida ni asilimia 10, na salio hulipwa ndani ya siku 90. Hiyo 10 iwekwe kwa wakili hadi mauzo yakamilike, isiingie mfukoni mwa muuzaji. Ukishatia sahihi kisha ukageuka, unaweza kuipoteza. Ndiyo maana upekuzi wa hati kwenye sajili ya ardhi hufanywa kabla ya sahihi.

Nitumie rasimu ya mkataba na matokeo ya upekuzi kabla hujapanga siku ya kwenda kwa wakili.

Mama yako